Mwaka Nilipoiona Sauti ya Bi Kheri

Juzi, mbele ya ukumbi uliojaa watu waliovaa nguo zao za heshima, nilijitolea kutiwa mrija puani. Tulikuwa Kilifi, tumekutana kumkumbuka Daktari Mutiso, tabibu wa masikio, pua na koo, aliyefariki mwanzoni mwa mwaka huu akiwa mzee wa mvi tupu. Baada ya sala na hotuba, daktari mmoja kijana, binti mchangamfu aitwaye Amina, alituonyesha mashine mpya ya kuchungulia koo, akauliza nani yuko tayari kujaribiwa. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mimi nimestaafu unesi zamani na magoti yananisumbua, lakini niliinuka kama msichana aliyeitwa kucheza. Mrija ule ni mwembamba kuliko kalamu, una kamera nchani, na koo langu lote likatokea kwenye kioo kikubwa ukutani, jekundu, lenye unyevu, likipumua. Daktari Amina akabonyeza kidude, mwanga ukageuka kutoka mweupe ukawa wa buluu na kijani, na pale pale mishipa midogo kabisa ya damu ikajichora ambayo hapo kwanza haikuonekana. Akawaeleza watu kwamba saratani ikiwa bado changa hujifichua kwa mishipa hiyo, inajikunja na kufanya vitone vitone, hata kabla jicho halijaona uvimbe wowote. Kisha akanigeukia: "Mama, mishipa yako ni safi. Hebu sema iii."

Nikasema iii, na machozi yakanitoka. Watu wakadhani naumia, mmoja akaleta leso. Sikuwa naumia hata kidogo. Nilikuwa na furaha ya kitoto, ile ya kutaka kumshika mtu mkono na kumwambia tazama, tazama! Nayo haikuwa furaha mpya. Niliionja mara ya kwanza katikati ya miaka ya themanini, mwaka ambao Ramadhani iliangukia masika, kwenye chumba kimoja cha hospitali ya Malindi chenye dirisha lililofunikwa shuka ili giza liingie. Wakati huo hakukuwa na kioo ukutani. Kulikuwa na tundu dogo la kuchungulia, la jicho moja tu, na Daktari Mutiso akinisukuma begani na kusema, "Sista, angalia haraka, kabla hajameza mate."

Nilikuwa nesi mgeni mwaka ule, nimetoka Magarini na sanduku moja, na nilipanga chumba mtaa wa Shela kwenye nyumba ya Bi Kheri. Bi Kheri alikuwa mjane, mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye kucheka kwa mabega. Mji mzima ulimjua kwa sababu alikuwa mwimbishaji wa vugo, ile ngoma ya harusi ambayo wanawake hupiga pembe za nyati kwa vijiti na kuitikia nyimbo. Chumba changu kilikuwa na zidaka ukutani nilimopanga vitabu vyangu vya unesi, dirisha la kutazama uani, na chini ya kitanda, pembe zote za kikundi chao. Ndiko zilikokuwa zikiwekwa tangu zamani na hakuna aliyefikiri kuzihamisha kwa ajili ya mpangaji. Usiku nikijigeuza, pembe zikigongana. Asubuhi wanawake waliingia bila kubisha, wakapiga magoti, wakazivuta moja moja huku wakinijulia hali. Nilijifunza kulala nimevaa vizuri.

Chakula changu kilikuwa humo humo. Nilimlipa Bi Kheri kodi ya chumba, basi, lakini haikupita siku asinigongee: "Kadzo mwanangu, ndoo ule, mbaazi zapoa." Nikafika uani nikute mbaazi za nazi na mahamri, au muhogo, au samaki wa kupaka, na yeye amekaa kwenye kigoda akisuka ukili wa mikeka. Baada ya kula aliondoka kidogo nyuma ya tangi la maji. Sote tulijua anakwenda kuvuta sigara yake. Harufu ilipita juu ya tangi ikatufikia, na sote tuliendelea na mazungumzo kana kwamba hakuna kitu, kwa kuwa mwanamke wa heshima yake havuti sigara.

Mwaka ule mazungumzo ya uani yalikuwa mamoja: sauti ya Bi Kheri. Ilikuwa imebadilika. Tangu harusi za mfunguo saba, mwezi wa saba baada ya Ramadhani, ilianza kuwa nzito, yenye ukungu kidogo, yenye kukwaruza kwa mbali, na watu walikuwa wameipenda vibaya. Zamani, walisema, sauti yake ilikuwa kali na safi, nzuri, ndiyo, lakini sasa imeingia asali. Maharusi walimgombania. Kikundi cha mtaa wa pili kilimtuma binti mmoja aje kununua ukili, na yule binti akakaa nusu siku akinusa sufuria ili ajue Bi Kheri anakunywa dawa gani. Bi Kheri akamwonea huruma, akamtajia kwa kunong'ona mchanganyiko wa karafuu, halwaridi na yai la kwale, ambao hakuwahi kuuonja maishani. "Watakunywa mpaka watapike," alituambia binti alipoondoka, akacheka kwa mabega, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Mimi pia niliipenda sauti ile. Nilikuwa nikiacha mlango wazi makusudi nimsikie akijiimbia jikoni.

Aliyeniamsha ni mtu mwingine kabisa. Miezi ya mwanzo ya mwaka ule tuliletewa mkulima mmoja kutoka huko kwetu Magarini. Alikuja akipumua kwa mlio, na mkewe akaniambia kwa Kigiriama kwamba kabla ya kuanza kukosa pumzi alikuwa amekauka sauti mwaka mzima. Walidhani ni vumbi la shamba. Alitobolewa shimo shingoni apate kupumua, akapelekwa mbali, na hakurudi. Niliporudi nyumbani siku ile nilimkuta Bi Kheri akichambua mchele na kuimba taratibu, na ile asali ambayo mji ulikuwa ukiisifu ikanitia baridi ya mgongo. Sikulala vizuri, na wala si kwa sababu ya pembe.

Basi fikiria nilivyoruka Daktari Mutiso alipofika. Ilikuwa Ramadhani imeshafika katikati, mvua inanyesha, barabara ya Mombasa imejaa matope, naye akashuka na sanduku la chuma amelikumbatia kama mtoto mchanga. Alikuwa kijana wa Ukambani, mwembamba, mwenye viatu vizito vya bara, amesomea ng'ambo na amerudi na hamu ya kazi isiyo na kiasi. Ndani ya sanduku mlikuwa na mrija mweusi unaopindika, umejaa nyuzi za kioo nyembamba kuliko nywele, zinazopeleka mwanga ndani na kurudisha picha nje. Tulikuwa tumezoea kutumia kioo kidogo cha mkono na taa ya kichwani, mgonjwa ametoa ulimi, anatapika, na wewe huoni kitu ila povu. Daktari Mutiso alijionyesha mwenyewe kwanza. Alijitia mrija puani mbele yetu, akanipa mimi tundu la kuchungulia, na nikaona ndani ya mtu hai, anayecheka, kamba mbili nyeupe kama nyama ya dafu, zikifunguka akivuta pumzi na kufungana akisema. Nilipiga ukelele. Matroni akaja mbio akidhani kuna mtu amekufa.

"Hiyo ndiyo sauti, Sista," Daktari Mutiso aliniambia akifuta pua. "Kamba mbili zinagusana, basi. Zikigusana vizuri, mtu anaongea vizuri. Kitu kidogo kikikaa hapo katikati, hata kama ni kidogo namna gani, haziwezi kugusana, na upepo unatoroka. Ndiyo maana koo inaweza kutuambia mapema kuliko mahali pengine popote. Ni sisi hatusikizi."

Nilimwambia habari za Bi Kheri kabla hajafunga sanduku. Mashine ilikuwa ya kuazimwa, ilipaswa kurudi Mombasa kesho yake, na haikujulikana kama ingerudi kwetu tena. Siku ile ile, alasiri, nikampeleka nyumbani Shela. Nilikosea kutomfundisha njiani. Aliinama mlangoni, akaingia uani na viatu vyake, akamwona Bi Kheri anakanda unga, akasema kwa furaha: "Mama, nasikia uko na shida ya sauti!"

Bi Kheri alimtazama viatu, kisha uso. "Mwanangu, hata salamu hujanipa, ushanipa maradhi."

Daktari akashtuka, akavua viatu, akasimama na soksi zake juu ya sakafu yenye maji. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa keti, useme."

Akaketi, akaeleza mashine yake kwa Kiswahili cha bara kilichonifanya nitamani kumfunika kitambaa mdomoni. Kwamba hiyo kitu inaingia kwa mapua mpaka kwa koo. Kwamba inapuliziwa dawa ya kufisha ganzi. Akauliza kama mama anavuta sigara, na Bi Kheri akasema "Astaghfirullah!" kwa nguvu, nami nikajikuta nakohoa. Lakini lililoharibu mambo si sigara.

"Dawa hiyo yashuka kooni?" Bi Kheri aliuliza.

"Kidogo. Ni chungu lakini inaisha."

"Na mimi nimefunga."

"Lakini mama, si unaweza kula siku moja halafu ulipe baadaye? Naambiwa dini inaruhusu mgonjwa."

"Yamruhusu mgonjwa, kweli kabisa. Lakini mgonjwa ni nani hapa?" Aliinua mikono yake yenye unga. "Mimi naamka, nasali, napika, nasuka, nafunga sijaacha hata moja. Siumwi kichwa, siumwi koo, siumwi chochote. Sauti imechoka na harusi za Shaabani. Mwezi huu haina kazi, yapumzika. Idi ikifika utaisikia. Kadzo, mpe mgeni maji, yeye hakufunga."

Tulipotoka nje, Daktari Mutiso alisimama kwenye mvua akifunga kamba za viatu, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na uchangamfu. "Shida iko hapo, Sista," alisema. "Ugonjwa huu ukiwa mdogo, mtu ni mzima. Akifika kujiona mgonjwa, sisi tumechelewa." Nimefanya kazi ya kuchungulia koo miaka yangu yote iliyobaki na sijasikia mtu akiieleza vizuri zaidi. Hata juzi, Daktari Amina alipokuwa akiisifu mashine yake ya mwanga wa buluu, mimi nilikuwa nikijiuliza ni nani atakayemleta mtu mzima kitini, mtu ambaye amepika, amesali na hana pa kuumwa.

Aliyemleta Bi Kheri alikuwa Mwana Esha. Huyu alikuwa shoga yake wa tangu utotoni na mpigaji mkuu wa pembe, mwanamke mfupi, mkimya, ambaye binti yake, Rukia, alikuwa aolewe mara tu baada ya Idi. Siku iliyofuata alikuja kusaidia kutengeneza kaimati za kwenda misikitini. Mimi nilikuwa zamu ya mchana lakini nilichelewa kuondoka kwa makusudi, nazungukazunguka uani na kikombe kitupu. Nikaanza tena habari ya mrija. Bi Kheri akanikatiza: mambo hayo yamekwisha, nisimharibie swaumu kwa maneno. Mwana Esha akaweka chini kijiko chake cha mbao.

"Kheri, wakumbuka ule mwito wa kufungulia ngoma?"

"Nisahau vipi?"

"Zamani ulikuwa waushika mpaka sisi twachoka kungoja. Pembe ziko juu, mikono yauma, wewe bado waenda. Sasa waukata katikati."

"Naukata kwa madaha."

"Waukata kwa sababu pumzi hazikutoshi." Alisema polepole, hakumtazama. "Sisi wapigaji twajua. Tangu mfunguo saba, ukikaribia kukatika, nawapa ishara tupige mapema na kwa nguvu, watu wasisikie. Kila harusi twakufichia. Watu wafurahi, wasema vugo la Kheri siku hizi lina moto. Moto gani? Ni sisi twakimbia kukufunika. Na mimi sitaki kukufunika kwenye harusi ya Rukia. Na sitaki kukufunika na shuka jeupe pia."

Mafuta yalikuwa yakichemka na hakuna aliyetia unga. Nilidhani Bi Kheri atawaka. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama huyo kijana wa viatu anaweza kungoja mpaka magharibi.

Nilikimbia hospitalini. Nilikimbia kweli kweli, na sare yangu nyeupe, nikiruka madimbwi, na watu wa sokoni wakiniuliza kuna nini. Daktari Mutiso aliahirisha safari bila kufikiri mara mbili. Lakini alikuwa na sharti lake: asile kitu kizito kabla, maana mrija ukigusa koo na tumbo limejaa, futari yote itarudi. Na baada ya dawa asimeze chochote mpaka ganzi iishe, asije akapaliwa. Yaani mtu aliyeshinda na njaa kutwa angefuturu kwa tende moja na maji, kisha atiwe mrija, kisha angoje tena. Nilipompelekea Bi Kheri habari hii alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Huyo daktari yuanifungisha mara mbili!" alisema. "Thawabu zangu na zake."

Magharibi ile sitaisahau. Kikundi kizima cha vugo kilikuja. Walipanda ngazi za hospitali na mabuibui yao yaliyolowa, kila mmoja na chombo kichwani kilichofunikwa kawa, wakatandika mikeka kwenye ukumbi wa kungojea, wakapanga tambi, viazi vya nazi, mkate wa sinia na birika la uji wa pilipili manga. Matroni alifungua mdomo kuwafukuza, akanusa, akaufunga. Adhana ilipolia Bi Kheri alikula tende yake, akanywa maji, akasali kwenye kona, akaingia chumbani akaketi kitini wima kama bibi harusi. Nje wanawake wenzake hawakugusa chakula. Walikataa kula kabla yake.

Nilimpulizia dawa mimi mwenyewe. Alikunja uso, akajigusa midomo. "Koo langu limepotea," alisema, na Daktari Mutiso, ambaye alikuwa amejifunza, akajibu, "Pole, Bi mkubwa, litarudi." Akaingiza mrija taratibu. Kwenye mashine ile kulikuwa na tundu la pili la kuchungulia, la mwanafunzi, na mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi. Tuliinama pamoja, kichwa kwa kichwa. Tukapita kwenye giza la pua, tukapinda, mwanga ukashuka, na zile kamba zikatokea. Ya kushoto nyeupe, laini. Ya kulia, ukingoni, karibu na mbele, palikuwa na kitu. Kidogo, ukubwa wa punje ya mchele, chekundu chenye utando mweupe uliokwaruzika. Moyo wangu ulipiga mpaka nikaogopa nitaitikisa mashine.

"Sema iii, Bi mkubwa," Daktari alisema.

Sasa, kila mgonjwa akiambiwa hivyo husema iii fupi ya woga. Bi Kheri alikuwa mwimbishaji. Alivuta pumzi na akaanza mwito wa kufungulia ngoma, mrija ukiwa puani, koo limekufa ganzi, sauti ikiyumba kama mlevi. Na mimi nikauona wimbo! Niliuona kwa ndani, mahali unapotoka. Kamba zikaja katikati, zikatetemeka kwa kasi hata zikawa kama ukungu, zikapanda na kujinyoosha sauti ilipopanda, na pale kwenye ile punje hazikugusana. Palibaki uwazi mdogo, na pumzi ilikuwa ikivuja hapo. Hiyo ndiyo iliyokuwa asali. Mji mzima ulikuwa ukishangilia uwazi ule. Mwito ukakatika katikati, na kutoka ukumbini, bila pembe wala vijiti, wenzake wakaitikia kwa midomo kumfunika, kama walivyozoea.

Nilikuwa nalia na nacheka. Nilijua nimeona kitu kibaya, lakini nilikuwa nimekiona kingali punje, mtu bado anaimba, na nilimkumbuka mkulima wa Magarini na mlio wa pumzi zake. Daktari Mutiso alitoa mrija, akavuta kigoda, akakaa chini kuliko Bi Kheri. Hakuzunguka. Alimwambia kuna kitu, kwamba atakatwa kipande kidogo Mombasa kipimwe, na kwamba yeye anadhani ni saratani.

"Mtanitoboa shingo?" Bi Kheri aliuliza. Habari za mkulima zilikuwa zimefika mtaani.

"Hapana. Imeshikwa ikiwa ndogo sana. Itachomwa na mionzi, Nairobi."

"Na sauti?"

Daktari akajibu: "Nafikiri itabaki. Kuapa siwezi."

Bi Kheri akajigusa midomo tena. "Umesema kweli yako, ahsante," alisema. "Ganzi imeanza kuondoka. Njoo ufuturu, umekonda mno." Akamshika mkono akamtoa nje, na yule kijana aliyesoma ng'ambo akakalishwa mkekani katikati ya wanawake, akalishwa tambi mpaka akaomba radhi.

Kipande kilipimwa, na Daktari hakuwa amekosea. Baada ya Idi Bi Kheri akaenda Nairobi, yeye ambaye Mombasa tu ilikuwa mbali kwake, akakaa huko wiki nyingi kwa ndugu wa marehemu mumewe na baridi aliyoilalamikia mpaka uzeeni. Mwana Esha aliahirisha harusi. Watu walisema, kwani waimbishaji wengine wamekufa? Yeye akajibu kwamba Rukia hatoki nyumbani kwa sauti ya kuazima. Mimi nilibaki peke yangu na zile pembe chini ya kitanda, na nilizipangusa vumbi kila Jumapili nikirudi kanisani, ingawa hakuna aliyeniambia.

Aliporudi, ngozi ya shingo ilikuwa imeungua na sauti haikuwapo kabisa. Alikuwa ananiita kwa kugonga mkebe wa maziwa. Alikataza mtu kumwonea huruma kwa ishara moja ya mkono, na nyuma ya tangi la maji hakwenda tena. Tulikwenda Mombasa kwa Daktari Mutiso, akachungulia, nami nikachungulia tundu la pili: punje ilikuwa imepotea! Lakini kamba zilikuwa zimevimba, haziji vizuri katikati. "Zimepona, bado hazigusani," Daktari alisema. "Tungoje." Tukangoja. Sauti ilianza kama mnong'ono, ikawa mkwaruzo, ikawa maneno mawili matatu ya kumfukuza paka. Kuimba hakujaribu mbele ya mtu yeyote. Harusi ikapangwa upya, mfunguo sita, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kitakachotoka kinywani mwake siku hiyo, yeye mwenyewe akiwamo.

Daktari Mutiso alifika alasiri ile kutoka Mombasa, bila kualikwa na mtu yeyote, huku akingojewa na wote. Lakini vugo ni la wanawake, na mwanamume haingii. "Sista," aliniambia kichochoroni, "mimi nimeiona sauti ya huyu mama mara mbili. Sijaisikia hata siku moja ikiwa nzima." Nikamwambia asimame pale, nyuma ya ukuta wa uani, asiondoke. Akasimama na viatu vyake vizito, ameegemea ukuta, watoto wakimcheka. Nami nikakaa mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Ndani wanawake walikuwa wamejipanga mistari miwili, wanang'aa kwa leso na asumini, pembe mkononi. Bi Kheri akasimama mbele. Mwana Esha akainua pembe yake, akaiweka juu. Mwito ukaanza. Ukatoka mkali, mwembamba, safi, ukapanda, ukaenda, Mwana Esha akamtazama kama yuataka kufunikwa, Bi Kheri akatikisa kichwa, ukaendelea kwenda, mikono ya wapigaji ikaanza kuuma, na bado unakwenda, na alipouachia mwenyewe, kwa wakati wake, pembe zote zikashuka kwa pamoja na uani ukalipuka vigelegele. Nilikuwa napiga vigelegele na mimi, nesi wa serikali. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami alitikisa kichwa. "Sauti imerudi ya zamani," alinung'unika, "lakini ile asali mbona imekwisha?" Bi Kheri alimsikia. "Asali ile ilikuwa na nyuki ndani, somo yangu," alimjibu kwa kupita, na papo hapo, akiutazama ule ukuta wa kichochoroni kana kwamba anaona upande wa pili, akatunga:

*Huyo aliye njiani,*
*kanichungulia ndani,*
*kwa kupitia puani:*
*marehemu hakuona!*

Wanawake walicheka hadi pembe zikawaanguka. Wakauitikia ubeti ule tena na tena, na Rukia kwenye kiti chake cha bibi harusi akajificha uso kwa mikono. Nilichomoka nje kwenda kumweleza Daktari Mutiso kwamba ametungiwa shairi na kwamba mji mzima utaliimba, na sikujua nianzie wapi kumfasiria utani ule wa marehemu mumewe. Sikuhitaji. Maneno hakuwa ameyasikia hata moja. Alikuwa amelaza sikio ukutani, amefumba macho, chokaa imemchafua shavu lote, na kidole chake kimoja kimeinuliwa kunizuia nisiseme.

"Zinagusana," aliniambia. "Sikiza, Sista. Zinagusana."